Wati Tano Kutoka Lubumbashi Hadi Kolwezi

Jumatano, Lubumbashi

Jumamosi tunapokea mahari ya mpwa wangu Kolwezi. Mimi ndiye muyomba wake, na kwetu mahari haipokelewi muyomba akiwa hayupo. Ningeweza kupanda basi Ijumaa na kurudi Jumapili kama wengine. Lakini mimi ni mtu wa redio ya ridhaa, ya kuwasiliana hewani na watu wa mbali kwa mapenzi tu, na nimeomba ruhusa ndefu kazini, maana njia ya Kolwezi ina kilomita kama 300, na katikati yake kuna Ziwa Tshangalele, ambako hewa ya redio ni safi kuliko popote ninapopajua katika Katanga hii.

Vyombo vyangu vyote vinaingia katika mfuko mmoja wa mgongoni. Kuna Yaesu FT-817, redio ya kilo moja na kidogo, niliyoinunua mkononi mwa mtu miaka mingi iliyopita. Inarusha wati 5, na unaweza kuishusha hadi 2.5, 1 au nusu wati. Kuna betri ya volti 12, waya wa mita 20 wa antena, kamba ya nailoni, hedifoni, daftari, na kipigio cha Morse, kile chuma kidogo cha kupigia nukta na mistari. Safari hii nimeongeza kopo la sardini.

Ndani ya kopo nimelehemu kipunguzi cha desibeli 10 (desibeli hupima nguvu imeongezeka au kupungua mara ngapi). Kazi yake ni kuchukua nusu wati ya redio na kuacha sehemu moja tu ya kumi iende kwenye antena, yaani miliwati 50. Kinahitaji kizuio cha om 71 njiani na om 96 kila upande kwenda ardhini, na vizuio vya thamani hiyo huvipati dukani. Kwa hiyo om 96 nimeipata kwa kuweka 100 sambamba na 2,200, na om 71 kwa kuweka 82 sambamba na 560. Nimepima kwa mita: vimekaa vizuri. Kopo lenyewe ni ardhi na kinga kwa wakati mmoja.

Sababu ya kopo ni mzee wangu wa redio. Sote tunamwita Kambo, yaani babu, kwa heshima ya mvi zake. Alifanya kazi ya simu za reli enzi za nukta na mistari, na ndiye aliyenifundisha Morse kwa kugonga kijiko juu ya meza. Tangu 2003 sheria ya kimataifa haimlazimishi tena mtu kujua Morse ili atumie mawimbi mafupi, lakini Kambo anaendelea kuifundisha bila kudai hata faranga moja. Tumeahidiana kwamba kila siku saa kumi alasiri, yaani 14:00 kwa UTC, saa ya dunia nzima, tutakutana kwenye 7.030 MHz. Tunataka kujua ni nguvu ndogo kiasi gani inaweza kuvuka kutoka Kolwezi hadi nyumbani kwake Kamalondo, hapa Lubumbashi.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue redio ya wati 100. Jibu langu liko kwenye hesabu. Kutoka wati 5 hadi wati 100 ni desibeli 13. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha redio, ambacho bado tunakiita sindano, hupanda pointi moja kwa kila desibeli 6. Kwa hiyo wati zote hizo 95 za ziada, pamoja na betri kubwa na gharama yake, zinaongeza pointi mbili na kidogo. Antena ikipandishwa juu ya mti mrefu, au ukichagua saa inayofaa, unapata zaidi ya hapo. Uingereza kuna klabu ya watu wa nguvu ndogo, G-QRP, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kasisi George Dobbs, na wanachama wake wamezunguka dunia kwa redio zinazotumia umeme mdogo kuliko taa ya chumbani.

Adui wa kweli ni kelele. Hapa Katuba, nikiwasha redio jioni, sindano inakaa kwenye 6 hata kabla ya kituo chochote kusema: chaja za simu, taa za bei rahisi, vigeuzi vya umeme wa jua juu ya mabati ya jirani. Kila kimoja kinamwaga uchafu wake hewani. Mtu anayeniita kutoka mbali kwa nguvu ya pointi 4 yupo, lakini amezikwa.

Alhamisi, Kapolowe

Basi la asubuhi, kisha pikipiki hadi kando ya maji. Ziwa hili lilizaliwa mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo kiwanda chake kilianza kutoa umeme mwaka 1930. Septemba maji yameshuka, na moshi wa nyasi zinazoungua umefunika ng'ambo ya pili.

Mwenyeji wangu ni mvuvi ambaye nimekuwa nikifikia kwake tangu zamani. Mwembe wake ni nguzo bora. Nilifunga jiwe kwenye kamba, nikalirusha juu ya tawi la juu, nikavuta waya. Mwisho mmoja unaning'inia mtini, mwingine unashuka hadi kwenye transfoma yangu: pete ya feraiti iliyozungushiwa waya wa shaba, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa antena. 14 kwa 2 ni saba, saba mara saba ni 49, na hicho ndicho kipimo kinachohitajika ili waya wa nusu wimbi uliolishwa mwishoni uelewane na redio ya om 50. Waya huo mmoja wa mita 20 unafanya kazi kwenye bendi za mita 40 (ndiyo ile ya 7.030), 20, 15 na 10 bila kuguswa.

Nikawasha. Sindano ililala sifuri. Nilidhani watu wa mijini wanaoanza redio wangepaswa kuletwa hapa kwanza, wasikie jinsi bendi inavyokuwa ikiachwa peke yake: pumzi nyembamba tu, na ndani yake sauti za vituo, kimoja hapa, kimoja pale, kila kimoja na mlio wake.

Saa kumi Kambo alikuwepo. Nilimsikia kwa pointi 7, safi kabisa, kila nukta mahali pake. Namfahamu kwa mkono wake. Mstari wa mwisho wa herufi Q huwa anauvuta kidogo. Lakini yeye aliniomba nirudie jina la mahali, tena na tena. Sote tulikuwa na wati 5, njia ni ile ile, umbali kwa mstari ulionyooka haufiki kilomita 100. Mawimbi yangu yalifika kwake kwa pointi 7 vilevile, ila yalikuta kelele ya pointi 6 imekaa mlangoni. Mimi nilikuwa nasikiliza ziwani, yeye anasikiliza Kamalondo. Hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Mtoto wa mwenyeji, msichana wa darasa la nne hivi, alisimama nyuma yangu muda wote. Nikampa upande mmoja wa hedifoni.

"Papa, banasema nini?"

"Kambo anauliza kama samaki wapo."

"Umuambie biko."

Nikapiga: SAMAKI WAPO. Jibu lilirudi baada ya sekunde chache: LETA. Akacheka hadi akaketi chini. Nikamfundisha herufi ya jina lake, na hadi giza linaingia alikuwa anaipiga kwa kidole juu ya sufuria iliyogeuzwa.

Jua lilizama kama saa 16:05 UTC. Huo ndio wakati wa kuhamia 14.060, mahali tunapokutana watu wa nguvu ndogo kwenye mita 20. Baada ya kuita kwa muda, kituo cha Italia kilinijibu. Aliniandikia 339. Namba ya kwanza ni jinsi anavyoelewa, kati ya 1 na 5. Ya pili ni nguvu, ya tatu ni usafi wa mlio. Kwa hiyo ananielewa kwa taabu, nguvu yangu ni ndogo, lakini mlio ni safi. Tuliendelea kwa dakika kama kumi, tukipunguza mwendo kila wimbi lilipodidimia na kuongeza lilipopanda. Alitaka kujua nguvu. Nilipompigia 5W akanyamaza kidogo, kisha akapiga alama ya mshangao. Kilomita kama 6,000, kwa umeme ambao haungewasha taa ya chumba cha wageni.

Bukari kwa samaki wa kukaanga, kisha usingizi.

Ijumaa, njiani kupitia Likasi

Likasi nimesimama kwa saa chache tu. Nilikwenda kwa mafundi wanaosuka upya koili za mota. Wao ndio duka langu la waya: wanauza kwa mita waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa unene wowote unaoutaka, na wanajua kuupima kwa kucha. Nimechukua mita 20 na ziada. Tunatembea juu ya shaba ya dunia nzima, na mtu wa redio wa Katanga hana sababu ya kukosa antena.

Baada ya Likasi barabara ni ya malori. Yanakuja mfululizo, yamebeba madini yakienda kusini, na mengine yanapanda na vitu vya migodini. Vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya mfuko. Vyombo nilikuwa nimevifunga kwenye nailoni.

Kwenye kizuizi kimoja mfuko ulifunguliwa. Kijana wa zamu alishika redio mkononi, akaigeuza.

"Muzee, hii njo foni?"

"Ni dada yake na foni," nikamwambia, nikatoa leseni. Leseni haibanduki kwenye mfuko wangu, na nawaambia hivyo wanafunzi wote wa Kambo: redio bila karatasi usiitoe nje ya nyumba.

Mkubwa wake, mtu wa makamo, akaja kuangalia, na neno foni, yaani redio ya kuzungumzia kama simu, likamfungua. Alikulia Manono. Wakati simu za mkononi hazijafika, mama yake alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya foni kuzungumza na baba yake aliyekuwa Lubumbashi. Unalipa kwa dakika, unasubiri zamu kwenye benchi, ukimaliza sentensi unasema *à vous* ili mwenzako ajibu. Na benchi zima linasikia habari zako: nani mgonjwa, nani amezaa, pesa zimetumwa au bado. "Siri haikukuwaka," akasema, yaani haikuwepo. Nami nilianzia hapo hapo. Nilikuwa mtoto wa kuchota maji kwenye misheni iliyokuwa na foni, na nilikaa dirishani nikisikiliza sauti za watu walio mbali sana zikipanda na kushuka, bila mtu wa kunieleza kwa nini zinapanda na kushuka. Nimetumia maisha yangu kulijibu swali hilo.

Mfuko ulifungwa vizuri, tukapita. Saa kumi ilinikuta ndani ya basi karibu na Fungurume. Kambo anajua kwamba nikikosa, ni barabara. Kolwezi tuliingia usiku.

Jumamosi, Kolwezi

Mahari imepokelewa. Wakwe walikuja na heshima zote, mazungumzo yalikuwa marefu jinsi yanavyopaswa kuwa, na neno la mwisho nililisema mimi. Munkoyo ulinywewa hadi mitungi ikakauka. Redio ililala mfukoni kutwa nzima, na hiyo ndiyo haki yake siku ya namna hii.

Usiku, nyumba ilipotulia, nilisikiliza tu, bila kurusha. Mita 40 ilikuwa na ngurumo nyingi: kraa, kraa-kraa, za karibu na za mbali. Kwetu mvua bado, lakini upande wa ikweta radi hazina likizo. Utafiti wa satelaiti uliotoka mwaka 2016 uliiweka Kabare, jirani na Bukavu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi kwa kila kilomita ya mraba, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kila mpigo wa radi ni kituo cha kurushia chenye nguvu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuijenga. Sisi wa Katanga tunausikia usiku kucha, na ukizoea unaweza kujua mvua imefika wapi.

Jumapili, Kolwezi

Baada ya misa shemeki yangu alinipeleka kwenye shamba lake nje ya mji, kwenye uwanda wa juu ulio wazi. Mti mrefu hakuna. Tulifunga mianzi miwili pamoja, tukaiegemeza kwenye kichuguu, tukanyoosha waya ukiwa mita kama tano tu kutoka ardhini. Kwa mtu anayetafuta Ulaya hiyo ni antena mbaya. Kwa kazi yetu ya leo ndiyo yenyewe: waya ulio chini hivyo hutupa mawimbi juu, karibu wima, yakagonga ionosfera, tabaka za juu angani zinazorudisha mawimbi, na kurudi kama mvua juu ya eneo lote la kilomita mia kadhaa. Kutoka hapa hadi Kamalondo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 240. Saa kumi nayo tuliichagua kwa sababu. Mchana kati, jua kali hujenga tabaka la chini, lile la D, linalomeza mawimbi ya mita 40. Alasiri linaanza kulegea, na tabaka la juu bado lina nguvu ya kuyarudisha.

Saa 14:00 kamili Kambo aliita. Wati 5: akanipa 479. Wati 1: 469. Nusu wati: 359, akaongeza KELELE. Hadi hapo hesabu na hewa vinakubaliana, pointi kwa pointi.

Nikafungua kopo la sardini, nikaliunganisha kati ya redio na waya. Shemeki alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika daftari na kalamu, akiandika saa kila nilipomwambia. Miliwati 50. Nikapiga jina langu la kituo, polepole, mara tatu. Nikamsikiliza Kambo. Alipiga: ? tu. Nikarudia. Akapiga: UPO LAKINI SIPATI. Nikarudia tena, nikihesabu pumzi kati ya herufi ili zisigusane. Kimya. Kisha alama ile ile ya kuuliza.

Nilijua mawimbi yanafika. Pointi 3 au 4, lazima, kwa hesabu ile ile iliyoshuka sawasawa tangu wati 5. Lakini nyumba zote za Kamalondo zilikuwa zinapiga kelele juu yake. Shemeki aliniuliza kama turudishe nusu wati. Nikamwomba tungoje. Tulikubaliana na Kambo kujaribu kila baada ya dakika tano hadi jua lizame, na betri ilikuwa bado imejaa, maana miliwati 50 haziichoshi.

Ilikuwa 14:41. Nilikuwa katikati ya herufi ya tatu, Kambo akaniingilia, jambo ambalo hafanyi kamwe: UMEME UMEENDA. PIGA. PIGA.

Nikapiga. Akarudisha jina langu lote, herufi kwa herufi. Akarudisha Kolwezi. Akanipa 549. Nilimpigia habari za mahari, nani alisema nini, idadi ya mbuzi, na alizipokea zote bila kuuliza kurudia hata neno moja. Mtaa mzima umezimika, chaja zote, taa zote, na yeye na betri yake chini ya meza wakabaki peke yao na bendi tupu. Simu ya mkononi ya GSM inaweza kurusha hadi wati 2 ili kufikia mnara ulio kilomita chache. Sisi tulikuwa na sehemu moja ya arobaini ya hiyo, hakuna mnara, hakuna kampuni katikati, ni anga tu.

Watu wa nguvu ndogo wana kipimo chao: maili 1,000 kwa kila wati. Kilomita 240 kwa miliwati 50 ni sawa na kilomita 4,800 kwa wati, karibu maili 3,000. Shemeki alifanya hesabu mara mbili, kisha akaomba nimwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake.

Majenereta ya mtaani yalianza kuwashwa, kelele ikarudi kidogo kidogo, na 15:20 tulifunga. 73, 73. Salamu za kawaida za kuagana, lakini leo zilipigwa kwa mkono unaotetemeka pande zote mbili.

Jumatatu, Kolwezi

Shamba lile lile, bendi ya mita 15. Mzunguko wa 25 wa madoa ya jua, ulioanza Desemba 2019, bado unatupa bendi za juu zilizo hai. Niliita kwenye 21.060 kidogo baada ya saa sita mchana wa UTC. Hispania alijibu. Kabla hatujamaliza, wengine walikuwa wamesikia 9Q, kiambishi cha nchi yetu, ambayo haina vituo vingi hewani, na dakika iliyofuata kulikuwa na ukuta wa sauti.

Kwa wati 5 hii ni kazi ngumu: wanaita wote pamoja, na wanafunikana wenyewe hadi hawanisikii ninamjibu nani. Dawa ni kutenganisha masafa. Ninarusha hapa, ninasikiliza juu kidogo, kilohezi moja au mbili. Ninapiga UP, na wenye adabu wanahama. Wengi wana adabu. Brazil alipita, kilomita karibu 8,000, kisha India, kisha Wazungu wa kila nchi.

Najua vijana wengi sasa wanatumia FT8, njia ya kuwasiliana kwa kompyuta iliyokuja 2017, ambayo Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, ni mmoja wa walioitengeneza. Kompyuta inasikia kile ambacho sikio haliwezi kukisikia, na kwa kupima njia za mawimbi ni chombo kizuri mno. Ila haitaniuliza kama samaki wapo. Kwa hiyo nilipoona foleni inazidi, nilipunguza mwendo badala ya kuongeza, nikampa kila mmoja jina langu na jina la mji, na aliyetaka kujua Kolwezi ni wapi nikamweleza. Nilipata wachache kuliko ningeweza kupata. Hao wachache nimewaandika daftarini kwa majina.

Jumanne, kurudi

Basi la alfajiri, Likasi bila kusimama, Kapolowe dakika za kununua samaki wa Kambo. Jioni nilimkuta kibarazani Kamalondo, daftari lake likiwa wazi ukurasa wa Jumapili. Tulilinganisha dakika kwa dakika. Tofauti ya saa zetu ni sekunde kadhaa tu.

Ameshaamua cha kufanya. Anataka desibeli 7 nyingine baada ya zile 10, ili tushuke hadi miliwati 10, na anataka tulifanye kabla mvua za Oktoba hazijaleta radi zake karibu. Shemeki atarusha kutoka Kolwezi mimi nikimwongoza, akishapata leseni. Sisi wawili tutasikiliza kutoka ziwani. Nimempimia Kambo waya wa Likasi, mita 20 na robo, na kesho natafuta kopo la pili.